Aliyekiri Mazikoni

"Vua viatu," mkalimani alimwambia Mfaume mlangoni, naye Mfaume akaitazama miguu yake, maana alikuwa pekupeku. Viatu alikuwa navyo, ila vilikuwa mkononi, vimefungwa pamoja kwa kamba zake, tangu aliposhuka stesheni ya Pugu na kupanda kilima kwa miguu mpaka bomani Kisarawe. Alikuwa amevileta ili avivae mbele ya baraza kwa heshima. Kumbe heshima yenyewe ilikuwa kuviacha nje. Akaviegemeza ukutani, akaingia.

Ndani kulikuwa na meza moja ndefu na watu watatu nyuma yake. Katikati alikaa mwenyekiti, daktari wa Kizungu, mwembamba, mwenye miwani. Kulia kwake alikaa daktari wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe, na kushoto bwana mmoja wa serikali ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kufukuza nzi na kutia sahihi. Mbele yao vilikuwa vitu vitatu vya Mfaume: cheti chake, beji yake ya shaba, na ufunguo wa kabati la dawa la zahanati ya Kwala. Siku arobaini na moja hakuwa ameviona. Aliviangalia kwanza hivyo, ndipo akakumbuka kuwasalimu wenye meza.

Aliambiwa kwamba mwisho wa shauri hili ni mmoja kati ya miwili. Ama atarudishiwa vitu vyake, ama cheti kitafutwa, na mtu aliyefutiwa cheti haruhusiwi tena kumfunga mgonjwa hata kitambaa, maisha yake yote.

Mkalimani alisoma shtaka kwa sauti ya mtu wa mimbari. Kwamba Mfaume bin Pazi, dresa wa Kwala, alimchoma marehemu Bi Sikuzani sindano ya maji matupu, dawa yenyewe akaiuza, na hivyo akamsababishia kifo. Na kwamba aliyakiri hayo kwa kinywa chake mwenyewe, siku ya mazishi, mbele ya watu wasiopungua mia moja.

"Unasemaje?" aliuliza mwenyekiti.

"Sikumuua, Bwana," Mfaume alijibu. "Lakini kukiri, nilikiri."

Mkalimani alimtazama kidogo kabla ya kutafsiri.

Sasa hapa lazima turudi nyuma, maana mtu hakiri kuua bila sababu, na sababu ya Mfaume ilikuwa malezi mema.

Dresa ndivyo watu walivyomwita mganga wa zile zahanati ndogo za serikali. Alikuwa mtu aliyefundishwa kwa miezi michache kuosha vidonda, kupiga sindano za buba, na kumtambua mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari mkubwa. Kwa mwaka huo wa 1936 Mfaume alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika kazi hiyo, na kusema kweli alikuwa mtu mwenye raha. Wenzake waliota kuhamishiwa Dar es Salaam. Yeye aliota madonda. Kidonda kikubwa cha muundi, kilichomtoa mtu shambani mwaka mzima, kwake kilikuwa kama shamba jingine la kulimwa. Alikiosha kwa maji ya zambarau, akaondoa nyama iliyokufa kwa subira ya mwanamke anayechambua mchele, kisha akafunga bendeji kutoka vidoleni kwenda juu, kamwe si kinyume chake. Nyama mpya ilipoanza kujitokeza pembeni, nyekundu na safi, alimwita mkewe Mwanaamina aje aione. Mwanaamina ndiye aliyefua na kuchemsha zile bendeji na kuzianika uani, na ziliponing'inia nyeupe mistari mitatu, wapita njia walizoea kuuliza harusi ni ya nani.

Bi Sikuzani alikuwa mgonjwa wake wa miezi minane. Kikongwe huyo hakuwa na jino wala haya, na kila asubuhi alimtukana Mfaume kwa mapenzi tangu kidonda kinafunguliwa mpaka kinafungwa. Kidonda kilipona. Kisha baridi ya masika ikamwingia kifuani, na kwa umri ule, ambao hakuna aliyeujua, akafa siku ya tatu. Mfaume alilia uani, nyuma ya bendeji, asionekane.

Mazishi ya Wazaramo hayakamiliki bila watani. Mtani wa ukoo ule alikuwa Isihaka, Mnyamwezi, ambaye baba yake alifika pwani na mzigo wa pembe kichwani akasahau kurudi. Jeneza lilipotaka kutoka, Isihaka alitokea kajifunga kanga ya marehemu, mguu mmoja kauviringisha bendeji, anachechemea kama yeye na kukohoa kama yeye, akajilaza kizingitini. Hatoki mtu, alisema, mpaka apewe jogoo. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ndipo alipomwona Mfaume kati ya wabebaji.

"Na huyo nani kamkaribisha?" Isihaka aliuliza kwa sauti ya kikongwe. "Huyo ndiye aliyeniua. Kanichoma maji ya kisima, dawa yangu kaiuza Ruvu, kanunulia kanzu hiyo mnayoiona."

Utani una sheria zake. Mtani hakasirikiwi wala hakanushiwi. Mtu akianza kujitetea mbele ya mtani wake, "hapana, sivyo, mimi sikufanya", ameuharibu msiba wa watu, na atasemwa kwa hilo mpaka na yeye azikwe. Mfaume akajibu kama alivyolelewa.

"Kweli nimekuua. Ulikuwa unanimalizia bendeji, kikongwe wewe. Na huyo Mnyamwezi uliyemwazima kanga, sindano yake iko jikoni inachemka."

Msiba mzima uliangua kicheko. Bi Mwanne, binti wa marehemu, alicheka mpaka akashikiliwa. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa karani mpya wa baraza la jumbe, mgeni kutoka Nyasa, hajamaliza hata mwezi pale Kwala, mtu makini aliyenyoosha suruali yake kwa pasi ya makaa kila asubuhi. Kwao mazikoni watu hulia. Alimsikia mtu akishtakiwa kwa mauaji na wizi wa dawa ya serikali, akamsikia mshtakiwa akikubali na kutishia kuua mwingine, na akawaona wafiwa wakicheka, jambo lililomtisha kuliko yote. Alitoa daftari mfukoni akaandika neno kwa neno. Na tumpe haki yake: hakukosea hata neno moja.

Barua ilikwenda, barua ikarudi, na daktari mkubwa wa wilaya akaja kuchukua ufunguo, beji na cheti. Wagonjwa hawakuacha kuja. Walikaa kwenye benchi lao kama kawaida, miguu mbele, wakiungoja mlango ambao haukufunguliwa. Mfaume alikaa upande wa pili wa njia, amekatazwa kuwagusa, akiwatazama nzi wakitua kwenye kazi yake. Aibu aliweza kuivumilia. Kilichomliza ni wale nzi.

Turudi bomani.

Shahidi wa kwanza alikuwa Bi Mwanne. Alishika msahafu, akaapa, na kwa kuwa alikuwa ameapa, alisema kweli.

"Ulimsikia huyu akisema amemuua mama yako?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikacheka."

Mwenyekiti aliacha kuandika. "Ulicheka?"

"Tulicheka wote, Bwana. Mama angekuwepo angecheka kutushinda. Siku ile bila wale wawili ningekufa kwa uchungu."

Walikuja mashahidi watatu zaidi, na wote, mmoja baada ya mwingine, waliapa kwamba Mfaume alikiri, na wote wakasema alikiri vizuri. Jumbe mwenyewe alisema hajapata kusikia jibu zuri kama lile. Mkalimani alianza kutokwa na jasho. Bwana wa serikali aliacha kufukuza nzi. Mfaume alihisi jinsi rafiki zake walivyokuwa wanamzamisha kwa upendo.

Kisha akaitwa Isihaka. Kwa miaka ishirini hawakuwa wameambiana neno moja lililonyooka. Walipokutana njiani hawakujuliana hali, walitukanana, na kila mmoja alikwenda zake amefurahi. Isihaka akifungua mdomo hapa kwa desturi yake, cheti kimekwenda. Na asipoufungua kwa desturi yake, basi atakuwa amemkana mtani wake mbele ya watu, na utani wa namna hiyo hauungiki kirahisi.

Isihaka aliingia kofia mkononi. Hakumtazama Mfaume.

"Bwana Mkubwa," alisema, "humu ndani mimi na huyu hatuna utani. Nimeuacha nje pamoja na viatu. Yale ya mazikoni ni uongo, na nilisema uongo kwa kuwa mazikoni hiyo ndiyo kazi yangu. Yule mama nilikuwa namleta zahanati mgongoni kwangu. Huyu alimwosha mguu miezi minane kama anamwosha mama yake. Kidonda kilifunga. Amekufa kwa kifua na kwa uzee. Ni hayo tu."

Mfaume aliangalia sakafu. Kumsikia Isihaka akisema kweli mfululizo namna ile kulimtia haya, kama mtu aliyemfuma mwenzake akioga.

Daktari wa Kihindi alikuwa na daftari la zahanati mbele yake pamoja na boksi la vichupa vya sindano, vitupu na vilivyojaa. Alisema kwa kifupi kwamba vichupa na daftari vinapatana, na kwamba hakuna dawa iliyopotea Kwala. Mwenyekiti alivua miwani, akafikicha macho. Shauri lilikuwa limekwisha, kila mtu chumbani aliliona, na Mfaume alianza kuutazama ule ufunguo kama wake.

"Swali la mwisho," mwenyekiti alisema. "Huwa nawauliza wote. Katika miaka yako ya kazi, umewahi kumfanyia mgonjwa jambo ambalo cheti hiki hakikuruhusu?"

Angeweza kusema hapana. Chumbani mle hapakuwa na mtu aliyejua. Lakini naye alikuwa ameapa, tena kwa msahafu uleule, na watu watano wa Kwala walikuwa wametoka kusema kweli mbele yake huku ikiwaumiza. Alimkumbuka Mwamvita.

Ilikuwa masika ya mwaka uliotangulia. Mto Ruvu ulikuwa umefurika na njia ya reli iko chini ya maji. Mwamvita aliletwa na mumewe, amejifungua siku ishirini nyuma, titi moja limevimba, linang'aa, na homa imempanda mpaka anaongea na marehemu bibi yake. Jipu lilikuwa limeiva ndani. Dresa haruhusiwi kushika kisu. Kazi yake ni kuandika barua na kumpeleka mgonjwa, ila siku ile hapakuwa na pa kumpeleka. Mfaume alichemsha wembe wake wa kunyolea mara mbili, akakata. Usaha ulitoka bakuli zima. Siku ya tano mtoto alikuwa ananyonya titi lilelile. Na katika daftari, kwenye mstari wa Mwamvita, Mfaume aliandika neno moja, "homa", akafunga daftari upesi.

"Ndiyo, Bwana," alisema.

Akaeleza yote. Mkalimani alitafsiri polepole, kama anayetumaini mshtakiwa atabadili mawazo njiani. Alipomaliza, daktari wa Kihindi aliinuka kidogo kitini akamuuliza mwenyewe kwa Kiswahili.

"Ulikata vipi? Kukingama?"

"Hapana, Bwana Daktari. Kutoka karibu na chuchu kwenda nje, kama njiti za gurudumu. Ukikata kukingama unakata njia za maziwa."

"Nani kakufundisha hayo? Hawafundishwi madresa."

"Wewe."

Yule mzee alikunja uso.

"Nilikuwa mfagizi wa wodi, Dar es Salaam, kabla sijasomea," Mfaume alisema. "Siku moja ulikosa mtu wa kukushikia taa, ukaniita. Ulikuwa unamweleza daktari mwenzio. Mimi nilikuwa taa tu, Bwana, hukuniangalia. Lakini niliangalia."

Daktari wa Kihindi alikaa, akazipapasa ndevu zake. Mwenyekiti alingoja atafsiriwe, kisha akauliza swali lake kwa sauti ya chini.

"Na kama angekufa?"

Mfaume alikuwa amejiuliza hilo usiku mwingi, na jibu lake halikumpendeza hata mara moja.

"Angekufa, pasingekuwa na mtu wa kujua nilimfanya nini. Ningeandika homa. Hilo linaniumiza, Bwana. Kukata, nilikata kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Kuandika, mto haukunizuia. Niliogopa."

Walimtoa nje. Alikaa barazani karibu na viatu vyake. Kisarawe ilikuwa na manyunyu, na ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni upande wa Pugu. Isihaka alikuwa kwenye ukingo wa pili wa baraza, kampa mgongo.

Walipomwita tena, mwenyekiti alisoma kwenye karatasi. Shtaka la kuua na la wizi limeondolewa, halikuwa na mguu wala kichwa. Kosa la kukata bila ruhusa na kuficha katika daftari limethibiti, kwa maneno yake mwenyewe. Cheti hakifutwi. Kinatiwa onyo la wino mwekundu, ambalo halitatoka. Kwa miezi sita hatashika sindano, sindano zote zitapigwa na daktari atakapopita kila mwezi. Na ikionekana tena kwamba ameficha jambo, dogo au kubwa, cheti kitafutwa bila kuitwa baraza.

"Andika kila kitu," mwenyekiti alisema, akiinua macho kutoka kwenye karatasi. "Hata kile unachokionea haya."

"Nitaandika, Bwana."

Daktari wa Kihindi ndiye aliyemkabidhi ufunguo. Alipouweka kiganjani mwake hakuuachia mara moja.

"Ningekata vilevile," alisema polepole, kwa ajili yake tu. "Lakini ningeandika."

Mfaume alifurahi, tena sana, wala hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Miezi sita si kitu. Madonda hayahitaji sindano. Aliteremka kilima cha Kisarawe na ufunguo mfukoni, akiugusa kila baada ya hatua kumi, na viatu alivivaa, vikambana, akacheka mwenyewe.

Lakini ndani ya treni furaha ile ilipata tundu. Yeye na Isihaka walikaa benchi moja la daraja la tatu, na Isihaka hakusema lolote, tangu Pugu mpaka Soga.

"Mnyamwezi," Mfaume alijaribu, "mbona leo umepanda? Baba yako aliijua njia hii kwa miguu."

Zamani angejibiwa kabla hajafunga mdomo. Isihaka aliangalia nje, mikorosho ikipita.

"Pole na safari, Bwana Mfaume," alisema.

Bwana Mfaume. Kwa adabu, kama mtu na mgeni. Neno hilo lilimchoma kuliko wino mwekundu. Alielewa kwamba cheti chake kimenunuliwa, na kwamba Isihaka ndiye aliyelipa, kwa utani wao, na hakujua namna ya kumrudishia. Walishuka Ruvu wakaagana kwa mkono.

Asubuhi yake mlango wa zahanati ulifunguliwa. Wagonjwa kumi na tisa walikuwa wamekwisha kuja, na harufu ya siku arobaini na mbili ilimpiga Mfaume usoni. Akafurahi nayo pia. Mwanaamina alileta bendeji zilizochemka, bado zina moto. Mfaume alifungua daftari ukurasa mpya. Kabla ya jina lolote alitafuta nyuma mstari wa Mwamvita, na pembeni ya neno "homa" akaandika yaliyobaki: jipu, wembe, siku, na jina lake yeye. Kisha akaita wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Isihaka. Alikuja anachechemea, mguu kauzungushia kitambaa kichafu, kajitanda kanga ya marehemu, akajitupa kwenye kigoda kwa kuguna.

Benchi zima liligeuka kumtazama.

"Jina?" Mfaume aliuliza.

"Unalijua. Uliliandika siku uliponiua."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, nimekufa. Nimerudi kufuata bendeji yangu. Nasikia wamekunyang'anya sindano, basi leo utaniua kwa nini? Kwa mkono mtupu?"

"Wewe hutaki sindano," Mfaume alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa, akayaacha yajae. "Wewe nikikuosha tu utakufa. Hujazoea maji."

Kicheko kilianzia mwisho wa benchi kikaja mbele. Kilikatika ghafla, maana njiani alikuwa amesimama karani wa jumbe, suruali yake imenyooshwa, mkono wake uko ndani ya mfuko anamoweka daftari. Watu wote walimtazama. Mfaume alilisogeza lake karibu, akachovya kalamu, akaandika: Isihaka, mtani. Mguu mzima.

Karani alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu. Alisimama kidogo, hajui auweke wapi, kisha akaja akakaa mwisho wa benchi, ambapo mwanamke mmoja alisogea ili apate nafasi.

"Nyoosha huo mguu," Mfaume alimwambia Isihaka, akachukua bendeji nyeupe iliyokuwa bado na moto, akaanza kufunga, kutoka vidoleni kwenda juu.